Mvua ya Thailand, Nusu ya Pili

Marehemu mume wangu hakuwahi kufika Thailand. Hakuwahi hata kupanda ndege; kutoka Tanga hadi Durban alikuja kwa mabasi na malori. Lakini ungemsikiliza akiizungumzia Thailand ungedhani amezaliwa huko, na hiyo ilikuwa kwa sababu ya kazi yake.

Yeye na jirani yetu Mkongo walikuwa na duka dogo la simu mjini. Mkongo alitengeneza simu, mume wangu aliuza filamu alizoziingizia sauti ya Kiswahili. Mwanzoni zilikuwa za ngumi na za mapenzi, kama kwa wengine wote. Kisha wakaanza kuja wanawake wanaokwenda Bangkok kununua nguo za kuuza hapa, na wengi walikuwa wanaenda kwa mara ya kwanza. Walitaka kujua kule watu wanaishije, wanakula nini, mtu akikuunganishia viganja kifuani kukusalimia unamjibu vipi. Akawatafutia filamu za hali halisi, zile ambazo hakuna anayeigiza. Watu wanaongea Kithai, na maneno ya Kiingereza yanapita chini ya picha. Yeye alipunguza sauti za wenyewe na kuweka yake juu.

Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba na cha mitaani. Maneno yakipita haraka, palipobaki wazi alijaza mwenyewe. Mimi nilijua. Nadhani wateja pia walijua, na ndiyo maana walinunua.

Ilikuwapo filamu ya vile vijumba vidogo ambavyo Wathai huviweka mbele ya nyumba kwa ajili ya mizimu. Asubuhi mama mmoja anakwenda kuweka chupa ya soda nyekundu, anaifungua na kutia mrija. Sauti ya mume wangu inasema: "Mizimu ya huku hainywi kwa kopo, jamani. Ina mrija. Na mkichelewa inanuna." Ilikuwapo ya msiba. Jeneza linakaa siku kadhaa na maua na picha kubwa ya marehemu, watu wanakuja kila jioni, watawa wanasoma, kisha vyakula vinatoka na wazee wanacheza karata. Hapo alisema: "Mwenyewe bado yupo na watu wanacheza karata. Kwetu ukifa asubuhi, alasiri tumeshakuzika na tunaulizana ubwabwa uko wapi."

Yeye alifariki asubuhi. Kifua, siku chache tu za hospitali. Alasiri walikuwa wameshamzika, na mimi sikuliona kaburi.

Nikaingia eda. Mume wangu alikuwa na dada mmoja mkubwa, ameolewa Chatsworth, naye ndiye aliyekuja kukaa nami. Aliacha nyumba yake na wajukuu wake akaja kulala kwenye kochi letu, na hilo sitalisahau hata nikisema mengine. Alinivisha nguo nyeupe, akafunika kioo kwa kanga, akafunga pazia. Nyumba yetu ni chumba na sebule ghorofa ya sita, na dirisha moja tu ndilo linalotazama barabarani. Chini kuna robot, taa za barabarani, na teksi, zile daladala za huku, zinasimama hapo kupiga honi na kuita abiria mchana kutwa. Nilizisikia zote na sikuona hata moja. Geti la chuma la mlangoni alilifunga mwenyewe. Alisema ni kwa ajili ya wezi.

Miezi minne na siku kumi. Nilikuwa nimeiona kwa wengine, kwa mama yangu na kwa shangazi, na niliona kama mtu amepumzishwa. Sikujua kwamba unaanza kuchukia rangi ya ukuta. Nilikuwa nalia asubuhi, na mchana sikuwa na cha kufanya, kwa hiyo nilikaa nikisubiri nilie tena.

Kwenye simu yangu kulikuwa na kipande cha filamu. Kila alipoanza filamu mpya alinitumia nusu ya kwanza nisikilize kama sauti yake imetoka vizuri. Hii ilikuwa ya mwisho kabla hajaugua, na sikuwa nimeifungua, maana tulikuwa na mambo mengine. Niliifungua wiki ya tatu ya eda, wifi akiwa jikoni.

Ni filamu ya watawa wa kijiji fulani wakati wa mvua. Huko mvua zikianza watawa wanakaa mahali pamoja miezi mitatu, hawalali nje ya hekalu lao. Zamani, filamu inaeleza, ilikuwa ili wasikanyage mpunga mchanga wa wakulima. Unaona mvua inapiga mabati, mbwa wamelala ngazini, mtawa kijana anafagia maji uani na maji yanarudi. Kisha sauti ya mume wangu:

"Hawa jamaa wamekaa eda. Hawajafiwa na mume, lakini eda wamekaa. Miezi mitatu, hakuna kulala nje. Mke wangu mnaomjua mnamjua, huyo hata siku tatu hawezi. Nikitangulia mimi, mtamkuta dirishani anahesabu teksi."

Nilicheka. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilicheka kwa sauti, nikiwa na nguo nyeupe, na wifi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu."

"Nimesikia mwanamume."

Nikamrudishia pale pale asikilize. Alisimama akisikiliza, uso wake haukubadilika. Ilipofika kwenye teksi akasema, "Zima."

Nikazima.

"Wifi," alisema, na aliongea taratibu, "huyu ameshamaliza na dunia. Anatakiwa atulie. Kila mtu anayecheka hapa na hao wa masanamu, yeye huko anaandikiwa dhambi. Futa."

"Hakuwa anawacheka kwa ubaya."

"Sijasema kwa ubaya. Nimesema anaandikiwa. Mimi ndiye niliyemlea, sitaki aulizwe kwa ajili ya watawa."

Sikufuta. Nilimwambia nitafuta, na hiyo ikawa siri yangu pekee katika nyumba ambayo hata choo mlango wake haufungi vizuri. Alipokwenda kuoga nilisikiliza simu ikiwa sikioni. Nusu ile inaishia mahali pabaya. Yule mtawa kijana aliyekuwa anafagia analetewa habari kwamba mama yake anaumwa, kijiji cha mbali. Anakwenda kupiga magoti mbele ya mkuu wa hekalu kuomba ruhusa. Mkuu, mzee mwenye miwani, anamtazama tu. Mume wangu anasema, "Sasa hapa ndipo kazi ipo," na kipande kinakatika.

Nilikuwa nimemuuliza mume wangu kuhusu filamu hii akiwa bado mzima. Alisema, "Ile ya mvua? Tayari, nimeshamaliza." Kwa hiyo kule dukani, kwenye kompyuta, kulikuwa na nusu nyingine, na ndani yake sauti yake ambayo sijawahi kuisikia. Msiofiwa mtaona ni jambo dogo. Kila kitu kingine alichowahi kusema nilikuwa nimeshakisikia. Hicho tu ndicho kilichokuwa mbele yangu, vingine vyote vilikuwa nyuma.

Mke wa Mkongo alikuwa anapitia karibu kila siku na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Siku moja aliweka bakuli mezani akasema, "Mama, bwana yangu anasema ile machine wataiuzisha vendredi. Duka wanafunga. Kuko mutu anakuja kuibeba."

"Ijumaa hii? Na filamu zilizomo ndani?"

"Huyo mutu anataka machine tupu. Watafuta yote."

Wifi alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa, na mbele yake sikuthubutu kumwagiza jirani aniwekee ile nusu. Jirani alipoondoka nikamwambia nataka kwenda mjini. Mchana tu, nakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri.

"Mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana akiwa na haja," nilisema.

"Najua anaruhusiwa. Haja gani?"

Hospitali ni haja. Benki ni haja. Nilifungua mdomo nikaona aibu, kwa sababu haja yangu ilikuwa kusikia mtu akitania. Nikasema, "Basi."

"Watakuona na nguo hizo katikati ya mji, watasema mke wa fulani ameshaanza kuzurura," alisema. Na nitakuwa mkweli: hilo ndilo lililonirudisha chini, si dini. Niliogopa wanawake wale wale waliocheka na filamu zake.

Ijumaa asubuhi wifi alivaa baibui yake nzuri. Akaniambia atakwenda mwenyewe dukani ahakikishe kwa macho yake kwamba wamefuta, asije huyo mnunuzi akaenda nazo. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ile unayoisikiliza nikioga," alisema. "Ni ya nini?"

Kumbe alijua siku zote. Nikamwambia ya mvua, ya watawa, nusu ya pili.

Alitoka akafunga geti. Nilikaa kwenye kochi lake. Sikulala, sikupika. Teksi ziliita abiria wa Chatsworth, wa Pinetown, wa Umlazi, na kila sauti ya kiume niliyoisikia kutoka chini niliichukia kwa kuwa si yake.

Alirudi swala ya Ijumaa imeshatoka. Alivua viatu, akakaa, akatoa flashi kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka dawa.

"Nimeziona zikifutwa zote," alisema. "Ya mizimu, ya msiba, ya wale wa soko, zote. Hii moja nimemwambia Mkongo aniwekee. Tuisikilize mara moja, wewe na mimi, humu ndani, halafu na yenyewe ifutwe."

"Asante, wifi."

"Usinishukuru. Weka."

Tulichomeka kwenye televisheni. Mvua ile ile, mabati yale yale. Mzee mwenye miwani anamtazama kijana. Anaanza kuongea, kwa Kithai, kwa sauti yake mwenyewe, kubwa.

"Sauti yake mbona haipo?" wifi aliuliza.

"Ngoja. Labda anamwacha mzee amalize kwanza."

Mzee akamaliza. Kijana akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Wakaonyesha barabara yenye matope, pikipiki, kijana amejifunika mwavuli wa manjano.

"Wanasemaje hapo chini?" wifi aliuliza. Yeye Kiingereza hasomi.

"Amepewa ruhusa. Siku saba. Ya nane lazima awe amerudi."

"Ah. Kumbe na wao wanayo haja."

Hakunitazama aliposema hivyo. Tukaendelea. Nilikuwa nasoma kwa kukimbia, neno la kwanza na la mwisho, la katikati linapotea. Mama yake kijana amelala kwenye mkeka, mwembamba, anamuunganishia viganja mwanawe kwa heshima kwa kuwa sasa ni mtawa, na kijana hawezi kumshika mkono kwa kuwa ni mtawa. Anakaa pembeni yake. Dada yake ndiye anayemlisha uji.

"Wanasemaje?"

"Wanasema..." Maneno yalikuwa yameshapita. "Anamwambia uji umepoa."

"Hujasoma hilo. Umelitunga."

"Nimelitunga."

"Kama yeye," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia sauti yake ikikatika. Akasafisha koo. "Peleka mbele. Labda yuko mbele."

Nikapeleka mbele kidogo, tukasikiliza. Mvua. Nikapeleka tena. Kengele, watoto, mvua. Nikarudisha nyuma, nikidhani tumempita. Nikaongeza sauti hadi ya mwisho, na watu wa Thailand wakajaa sebuleni kwetu wakiongea wote pamoja. Mvua zikaisha, watu wa kijiji wakaja kwa maandamano na ngoma kuwaletea watawa nguo mpya, yule kijana yumo mstarini. Kisha majina yakapanda, meupe kwenye weusi.

"Hakumaliza," wifi alisema.

"Hakumaliza."

Nikazima televisheni. Mume wangu alikuwa mtu wa kusema tayari kabla ya tayari, hata chakula, hata viatu, na sote wawili tulimjua. Wifi alikuwa anaangalia mikono yake. Sikuhitaji kumwambia alichokifanya. Zile alizozisimamia zikifutwa ndizo zilizokuwa na sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyoniletea kwa hisani ndiyo iliyokuwa tupu.

Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Katika nyumba ya vyumba viwili unaweza tu kuhama kimoja kwenda kingine. Nikaenda chumbani nikalala nikiwa nimeugeukia ukuta, na kupitia ukuta nilimsikia akipumua. Yalikuwa yamebaki majuma mengi, na hakukuwa tena na kitu cha kusubiri ndani yake isipokuwa yaishe.

Alasiri jirani alikuja kuchukua bakuli lake. Wifi hakumkaribisha ndani, alitoka naye kwenye ujia na kuongea chini chini, lakini mlango wa chumba ulikuwa wazi.

"Wale wanawake waliokuwa wananunua filamu zake," wifi alisema. "Bado wanazo?"

"Wanafutaka, mama. Telefone inajaa, wanaweka zingine."

"Wote?"

"Siwezi jua wote."

"Niulizie. Mmoja mmoja. Mwambie anayetaka kitu nitampa, sauti yake tu, hata kipande."

"Wengine hawapo hapa. Hao iko Bangkok."

"Waulize na hao," wifi alisema.