Makako Asiye na Mkia

Nyumba yetu ya mtaa wa Tshopo ilinuka moshi. Sisemi moshi wa kuni za kupikia, huo kila nyumba ya Kisangani inao. Nasema moshi wa nyama ya porini iliyokaa siku nyingi juu ya kichanja, moshi mzito wenye mafuta ndani yake, unaoingia kwenye godoro, kwenye nywele, kwenye shati jeupe la shule, na ukiingia hautoki hata ulimalize pande zima la sabuni. Mama yangu aliiuza nyama hiyo sokoni. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, Feza, kwa hiyo soko zima lilimwita Mama Feza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa nane wa shule, na darasani waliniita Madamu Moshi. Waliokuwa wakiziba pua nikipita ndio hao hao waliotumwa na mama zao kuja kununua kwetu. Dunia hii! Nilicheka nao, lakini moyoni niliomba siku moja moshi ule uniletee heshima. Uliniletea kweli, kwa asubuhi moja.

Nyama ilitoka upande wa Yangambi kwa mashua, na aliyeileta ni Mama Yenga, mwanamke mrefu wa kabila la Walokele, mwenye kicheko kilichotangulia kufika kabla yake. Kaka yake aliwinda, yeye alikausha na kufunga. Kila baada ya wiki mbili alishuka bichi, ndivyo tunavyouita mteremko wa mtoni zinapofikia mashua, na huko wafanyabiashara walimrukia kila msafirishaji, wakakata kamba, wakatoboa majani, wakanusa, wakabishana. Mama hakufanya hivyo. "Mzigo wa Mama Yenga haufunguliwi," alisema, maana kuupekua mbele ya rafiki ni sawa na kuhesabu vijiko mgeni akiwa bado anakula. Aliupokea umefungwa, akaulaza nyumbani umefungwa, akaufungua kesho yake sokoni mbele ya wateja. Nao wateja walikuwa na sheria yao: makako, yaani kima, lazima aonekane na mikono yake na mkia wake. Wengi wetu hatumli sokomutu, yaani sokwe. Wengine ukoo wao unawakataza, wengine wanaogopa serikali, wengine walishawahi kumtazama usoni mara moja na ikatosha. Makako ana mkia, sokomutu hana. Hilo kila mtoto wa sokoni alilijua kabla hajaona ubao wa shule.

Sasa, akaja Prof Alimasi, mwalimu wetu wa sayansi, na somo la asili ya mtu. Alikuwa mwembamba, shati lake moja la kaki, sauti kubwa kuliko kifua chake. Alichora ubaoni mti wenye matawi, akaweka makako kwenye tawi moja, sokomutu kwenye lingine, na karibu kabisa na sokomutu akaandika: sisi. Darasa likalipuka. Mmoja akasema yeye aliumbwa na Mungu, atakuwaje binamu wa makako. Prof akanyanyua chaki. "Bon, musiende kuambia bamama zenu kwamba Alimasi alisema mulizaliwa na makako. Sikusema vile. Nilisema tuko bandugu wa mbali, babu yetu wa zamani sana alikuwa mumoja." Jioni nilimweleza mama hivyo hivyo. Alikuwa akitwanga lituma, ndizi zilizochemshwa, hakusimamisha mchi. "Kama iko ndugu yetu," akasema, "mbona hajakuja hata siku moja ku matanga?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kitu kilikuwa kimenishika. Usiku sikuogopa kama wenzangu walivyodai kuogopa, nilifurahi. Nilijiona nina jamaa wengi ghafla, msitu mzima, na mimi Madamu Moshi ndiye niliyeishi nao karibu kuliko wote.

Kabla ya kutoka Prof alikuwa ameuliza nani anaweza kumletea mkono wa makako na mkia wake, ili tuone kwa macho. Vichwa vyote viligeukia kwangu. Hakuna aliyeziba pua. Ningeweza kumwomba mama, najua, lakini angekataa, maana makako aliyekatwa hauziki, hilo nilishalieleza. Kwa hiyo sikumwomba. Kesho yake mchana mama alipokwenda kwenye maombi ya akina mama wa parokia, nilifungua mzigo wa Mama Yenga uliofika asubuhi ile, ule ambao haufunguliwi. Nililegeza kamba polepole nikiangalia fundo lilivyo, nikachagua yule mkubwa kuliko wote, nikakata mkono kwenye kiwiko chake kidogo, tak. Nikakata na wa pili, eti kama wa kwanza utavunjika njiani. Kisha mkia. Nikarudisha majani, nikafunga fundo lile lile. Watu husema mtoto hajui alitendalo. Mimi nilijua mpaka mkunjo wa kamba.

Asubuhi ile shuleni sitaisahau. Prof aliuweka mkono juu ya meza yake, akaniita mbele, akakilaza kiganja changu kando yake. Vidole vitano na vitano. Kucha bapa, ndogo kama za mtoto mchanga, si makucha. Mistari ya kiganja imeandikwa kama ya kwangu. Kidole gumba kimekaa pembeni, kifupi kuliko changu. Kisha akanyanyua mkia, akatuambia tujipapase mwisho wa uti wa mgongo, na darasa zima likasimama linajipapasa makalio kwa kicheko. "Asiye na mukia ndiye wa karibu na sisi," akasema. "Mutu, sokomutu. Kamata hiyo vizuri." Akanipa alama zote mbele ya watu, na vile vitu vyote, mikono miwili na mkia, akaviweka juu ya kabati la darasa ndani ya boksi la chaki. Saa sita ilipolia nilikimbia moja kwa moja hadi sokoni kumwambia mama.

Nilikuta watu wamejazana kwenye meza yetu. Mwanamke mmoja, mteja wetu wa miaka, alikuwa amemshika yule makako kwa shingo, amemning'iniza juu. Moshi ulikuwa umemkausha uso mpaka usingejua ni wa nani. "Haina mikono, haina mukia! Mama Feza, iko sokomutu hii! Ulikata ili tusijue! Watoto wangu walikula ngapi?" Mama alikuwa akisema wapi, wapi, iko makako, naapa kwa Bikira Maria, na kila alivyoapa ndivyo sauti zilivyozidi. Hata makako wengine wazima waliokuwa na mikia hawakumsaidia. Walisema hao ni wa kufunikia. Mkuu wa soko akaja, akamwamuru aondoe kila kitu. Kitenge cha mama kilikuwa kimelegea kiunoni na hakuna aliyemwambia. Mimi nilisimama nyuma ya kikapu cha jirani cha pondu, majani ya muhogo, daftari mkononi, zile alama zangu ndani.

Nitasema jambo ambalo limenila miaka yote. Ushahidi ulikuwa juu ya kabati. Kutoka sokoni hadi darasani ni mwendo wa kukaanga yai. Ningekimbia, ningeleta boksi, ningeunganisha mkono na mkono, mkia na mkia, na mambo yangekwisha hapo hapo. Ningepigwa, naam, na jina la Madamu Moshi lingerudi na la mwizi juu yake. Sikukimbia. Nikamsaidia mama kukunja turubai. Njiani akasema, kwa sauti ya chini, kama anajiambia: "Kikulacho kiko mu nguo yako. Yenga, mimi nilikukosea nini?" Alikuwa na haki, ila nguo ndiyo aliyokosea. Chawa alikuwa akitembea kando yake amebeba turubai. Jumamosi nilikwenda kuungama kwa padri: nilitaja sukari niliyodokoa, nilitaja tusi nililomtukana mdogo wangu, nilitaja hata kusinzia kwenye misa. Mkono sikuutaja. Kwenye daftari Prof alituandikisha kwamba mtu hutofautiana na wanyama wengine kwa sababu anasema. Nilinakili vizuri, kwa rangi mbili. Nikatazama nilichoandika, nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimejua tayari kwamba mtu ananyamaza vilevile, na kwa makusudi.

Mashua iliporudi, mama alishuka bichi na mimi nimemshikia mkoba. Mama Yenga alitukimbilia akicheka. Mama hakumjibu salamu. Alimmwagia maneno mbele ya wapakiaji, mbele ya wenye mashua, mbele ya kila mwanamke aliyenunua pale: mwongo, mlisha watu sokomutu, nyoka. Mama Yenga alisimama mikono wazi. "Mama Feza, mimi mwenyewe nilifunga. Ilikuwa na mikono. Ilikuwa na mukia." Hakuna aliyemsikiliza. Siku hiyo hakuuza hata kipande. Tulipogeuka kuondoka akanivuta begani. Kila safari aliniletea safu, yale matunda ya rangi ya zambarau tunayochemsha kidogo na kula na chumvi, na siku ile pia alikuwa nayo kwenye pindo la kitenge. Akanitilia mkononi, akanifunga vidole. "Kula, mutoto wangu. Hii haikuhusu." Niliyala. Niliyala yote, nyuma ya nyumba, mbichi, na sikuumwa hata tumbo.

Mama hakuuza tena nyama. Alihamia makayabu, samaki wa chumvi, na nyumba yetu ikabadili harufu. Wenzangu wakasahau jina langu la zamani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilinipeleka hadi chuo kikuu. Nilichagua ualimu wa biolojia, na watu nyumbani walijivunia, na mwaka huu wakati wa mazoezi ya kufundisha nimepewa, nitacheka au nitalia, somo la asili ya mtu. Nilikuwa mezani naliandaa, mti wenye matawi mbele yangu, siku ambayo kizee mmoja alibisha hodi akiongozwa na mjukuu wake. Macho yake yalikuwa na ukungu. Kicheko hakikutangulia mara hii. Nilimtambua kwa urefu.

Alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho. Alikataa kiti kwanza. Alisema amekuja kuomba msamaha. Mama alibaki na kikombe mkononi. "Mama Feza, mimi nilifunga ule muzigo, lakini sikukaa nao usiku ndani ya mashua. Labda mutu alikata. Kaka yangu nilimushitaki yeye, tukaachana, akakufa tukiwa hatusemezani. Donc, kosa liko la kwangu, nilipashwa kulinda. Unisamehe mbele sijakufa." Na mama, mama yangu ambaye kwa miaka kumi na moja hakutamka jina hilo bila kutema mate, alilia, akamshika, akasema amesamehe. Mimi nilikuwa nimebeba birika la chai. Nikaliweka chini. Sikuwa na ujasiri wowote, nawaambia ukweli. Nikasema. Kisu, fundo, boksi la chaki, kabati.

Mama Yenga ndiye aliyesema kwanza, na hakuwa na hasira, jambo ambalo hata leo linanichoma kuliko hasira. "Mwalimu aliwafundisha nini na ule mukono?" Nikamweleza: vidole vitano, kucha bapa, mistari ya kiganja. Akatikisa kichwa taratibu. "Ile tu? Mimi nilikuwa naona ile kila siku. Ungeniomba, mutoto wangu. Ningekuletea mukono, nimeufunga peke yake." Mama alimimina chai vikombe vitatu, akampa rafiki yake, akanywa yake, yangu akaiacha mezani.

Asubuhi ya safari ya Mama Yenga mama aliniamsha kwa maneno mawili: "Vaa. Twende." Alibeba begi la mgeni kichwani mwake mwenyewe mpaka bichi, nami nyuma. Pale pale aliposimama siku ile akasimama tena, akapaza sauti kwamba yeye, Mama Feza, alimtukana mwanamke huyu bure, kisha akanigeukia. "Sema na wewe. Kwa nguvu." Nikasema kwa nguvu. Lakini bichi ya leo si ile. Wale wanunuzi wa zamani wamehama, wamezeeka, wengine tumewazika. Waliokuwepo ni wasichana wa simu mkononi, wapakiaji wa umri wangu, wanaotoka kwenye mashua na kwenda zao. Wawili watatu walisimama, mmoja akauliza kwa Kilingala kuna nini, mwenzake akajibu hajui, labda ni watu wa maombi. Mama Yenga, asiyeona nani yuko na nani hayuko, alinyoosha shingo, akageuza uso kulia na kushoto.

"Banasikia?" akaniuliza. "Bale bote, banasikia?"

"Banasikia, mama," nikamjibu.