Saa ya Kondo na Mpaka wa Bi Mwamvita

Kama umewahi kupanda mlima kutoka Bigwa pamoja na mgeni aliyekuja kutazama ndege, basi kuna uwezekano mkubwa begi la mgeni huyo lilibebwa na Kondo. Miaka ishirini sasa anafanya kazi hiyo, kubeba mizigo ya watafiti na kuwaonyesha njia, na magoti yake yanazijua ngazi zote za udongo hadi kijijini kwao, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Si mtu wa maneno mengi. Hanywi, hana ugomvi na mtu, na watoto wake wanakwenda shule wameshiba. Ukimuuliza mkewe, Devotha, atakutajia kosa lake moja tu, kwamba anapenda kusifiwa. Na hapo tusifichane, Devotha anamhurumia mumewe.

Saa ilimjia mwaka juzi. Dokta Diana, mhadhiri wa chuo aliyekuwa akihesabu ndege wa msituni, alipomaliza utafiti wake aliivua mkononi saa yake ya michezo, zile wanazovaa wakimbiaji, akampa Kondo kama shukrani. Ilikuwa nyeusi, nzito, kioo kimekwaruzika kidogo. Inapokea mawimbi ya setilaiti, kwa hiyo inakwambia kwa namba mahali uliposimama, umetembea mita ngapi na umepanda kiasi gani. Juu ya kioo kuna vijiti vitano vidogo. Vikiwa vyekundu, bado inatafuta mawimbi. Vikijaa kijani vyote vitano, imeshika, na ikishika haikosei. Kondo alielewa hivyo, na wapo wengi tu waliosoma wanaoelewa hivyohivyo.

Kijiji kikampa jina la Kondo Setilaiti. Watu waliozoea kumpita na mizigo yake bila kumwangalia mara mbili wakaanza kumsimamisha. Kondo, kutoka hapa hadi zahanati ni mita ngapi? Kondo, kwangu na kwa shemeji yangu nani yuko juu zaidi? Naye akajifunza kuinua mkono taratibu, kukunja uso, kusubiri vijiti vijae, ndipo atamke namba. Watu walinyamaza wakisubiri. Mtu aliyeinama chini ya mabegi ya wenzake tangu ujana, leo watu wazima wananyamaza kumsikiliza yeye, unadhani kichwa kitaacha kuvimba? Kilivimba.

Sasa ije habari ya mpaka. Kijiji kina msitu wake wa hifadhi, na mpaka kati ya msitu na mashamba uliwekwa zamani kwa bikoni, vile vinguzo vifupi vya saruji. Masika ya mwaka jana ardhi iliporomoka kwenye korongo, bikoni nne zikafukiwa. Miche ya kupanda kando ya msitu ilikuwa tayari, mvua zinaelekea kuisha, na kumpata mpimaji kulihitaji kusubiri miezi mingi. Mwenyekiti wa kijiji, Severin, alikuwa na karatasi ya zamani yenye namba za kila bikoni.

"Tunangoja nini," aliwaambia wanakamati, "na sisi tuna setilaiti yetu?"

Wakashuka korongoni asubuhi, wanakamati sita na Kondo mbele. Upande mmoja wa korongo ni jabali refu lililosimama wima, upande wa pili miti mikubwa, mbingu inaonekana kama kipande cha kanga. Chini ya jabali ndipo lilipo shamba la Bi Mwamvita, migomba na magimbi, ardhi ya ukoo aliyoachiwa na mama yake, naye mama yake akiwa ameachiwa na mamaye. Mama yake Bi Mwamvita amezikwa humohumo, sehemu ya juu, pamoja na kitinda mimba wa Bi Mwamvita mwenyewe, aliyefariki akiwa na miaka miwili.

Kondo alizifuata namba. Zikampeleka kushoto, zikamshusha, zikamwingiza katikati ya migomba, hatua zaidi ya arobaini chini ya makaburi. Akasita. Akatazama juu, akaitazama tena saa.

"Vipi, imeshika?" Severin akauliza.

"Imeshika," Kondo akasema. "Vijiti vyote vitano."

Wakapigilia kigingi cha kwanza. Bi Mwamvita alikuwa amekuja, jembe mkononi, hana haraka. Kondo alimwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba kama siku zote.

"Kondo mwanangu, hapo mnapopigilia ni shambani kwangu."

"Setilaiti ndiyo inasema hivyo, bibi. Siyo mimi."

Bi Mwamvita aliitazama ile saa, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu. Vigingi vingine vitatu vikapigiliwa, Severin akaandika, Kondo akatia sahihi kama mpimaji. Wiki haikuisha, migomba ikawa imekatwa, mashimo yamechimbwa, miche imepandwa hadi kandokando ya makaburi. Kondo alichimba na wenzake. Bi Mwamvita alikunja mkeka wake akateremka kwenda kwa binti yake, Sabra, huko Kingolwira. Alimwambia jirani kwamba kuyaona yale kila akifungua mlango hataweza.

Ikapita miezi minne. Siku moja ya kiangazi Kondo alikuwa akirudi peke yake kutoka msituni, akakaa juu ya bikoni moja iliyosalimika kwenye korongo lilelile, akatoa muhogo wake wa kuchoma akala. Alikaa kama nusu saa, bila kunyanyuka hata kufukuza siafu. Alipoiangalia saa, ilimwambia kwamba katika nusu saa ile ametembea mita mia sita na ishirini.

Kwanza alicheka. Mtu anakula muhogo, saa inamtembeza. Kisha akaviona vijiti, vitano, kijani, vimejaa. Akasoma namba za mahali alipo, na namba za bikoni ile alikuwa anazijua kwa moyo. Saa ilimweka ng'ambo ya kijito cha pale korongoni. Kicheko kikamkauka, na muhogo uliobaki hakuumaliza.

Alipanda mpaka simu iliposhika mtandao, akampigia Dokta Diana.

"Dokta, vijiti vimejaa lakini saa inasema uongo."

"Vile vijiti, Kondo, vinakwambia kwamba saa inasikia kwa nguvu. Havikwambii kwamba inasikia sawasawa. Kwenye korongo wimbi linagonga jabali kwanza, ndipo linakufikia. Linafika na nguvu zake, lakini limezunguka njiani, na saa inadhani limenyooka. Tena kuna saa ambazo zikishashika zinabaki kijani hata zikiyumba baadaye. Zimetengenezwa kwa mtu anayekimbia barabarani." Kisha akauliza, "Kwani ulikuwa unapima nini?"

"Mtandao unakata, Dokta," Kondo akasema, akazima simu. Mtandao haukuwa unakata.

Asubuhi saba mfululizo alirudi kwenye ile bikoni na daftari. Siku moja saa ilikosea mita kumi na mbili, siku nyingine thelathini na moja, siku ya tano hamsini na nne, na siku zote saba vijiti vilikuwa vitano na vya kijani. Alijaribu pia kwenye uwanja wa shule, mahali pa wazi. Pale ilikosea mita mbili au tatu, basi. Kwa hiyo saa haikuwa mbovu. Hilo lilimuumiza zaidi, maana saa mbovu mtu unaitupa yakaisha.

Siku hizo hakula vizuri. Devotha alimuuliza, akamwonyesha daftari. Devotha alilisoma lote, akalifunga, akamwambia, "Kikao cha kijiji ni Jumamosi. Vaa shati la kanisani."

Akasimama kikaoni akasema saa ilikosea na vigingi viliingia shambani kwa Bi Mwamvita. Severin alimwambia anakiaibisha kijiji. Nyuma kuna waliocheka, na jina la Setilaiti likafia palepale. Lakini daftari lilipita mkono kwa mkono, na mwisho wakakubaliana kumsubiri mpimaji. Alikuja baada ya miezi miwili na vyombo vyake vya miguu mitatu, akavisimamisha juu ya bikoni zilizosalimika, akapima kutoka hapo hadi mahali pa zile zilizofukiwa. Mpaka ulikuwa kulekule juu, chini ya jabali. Shamba lote la Bi Mwamvita ni lake, pamoja na makaburi. Kondo aliing'oa miche kwa mikono yake, mmoja mmoja na udongo wake, akaihamishia panapostahili.

Kisha akateremka Kingolwira. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

Alimkuta Bi Mwamvita barazani kwa Sabra, anachagua mchele kwenye ungo. Akamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akaeleza kila kitu. Akaeleza jabali na mawimbi yanavyozunguka, vijiti vinavyosikia kwa nguvu na kukosea. Akasema shamba limerudi. Akaomba radhi. Bi Mwamvita alimsikiliza hadi mwisho, vidole vyake havikusimama.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja kuiba mapera yangu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Nilikuwa nakukimbiza mpaka wapi?"

"Mpaka chini ya jabali."

"Halafu nageuza. Kwa nini?"

Kondo akatazama chini. "Kwa sababu shamba linaishia pale."

Bi Mwamvita akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani.

"Siku ile mnapigilia vigingi, ulikuwa umesahau?"

Angeweza kusema ndiyo, na mzee wa watu pengine angekubali.

"Sikusahau, bibi," akasema. "Nilijua."

"Basi saa usiisingizie," Bi Mwamvita akamwambia, akaendelea kuchagua mchele.