Nywele Alizonisuka Mama

Siku ya kuanua matanga ya mama, nyumbani kwetu Itetemia, shangazi alinikalisha kwenye kigoda uani akachukua wembe. Kwetu wafiwa hunyolewa kabla ya kutawanyika. Tangu mazikoni nilikuwa sijadondosha chozi, na baadhi ya ndugu walishaanza kunong'ona kwamba sina uchungu. Wanong'one.

Kichwani nilikuwa bado na mistari aliyonisuka mama mwenyewe, siku chache kabla hajalazwa. Shangazi aliikata kwanza kwa mkasi, akaiweka kwenye ungo, kisha akaanza kunyoa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba nywele na kucha ni keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye pembe za ng'ombe na manyoya ya kuku. Unywele ukishachomoza kwenye ngozi umekwisha kufa, ndiyo maana kuukata hakuumi. Nilikaa pale nikilirudia somo langu kimoyomoyo kama kasuku.

"Nimekuumiza, mwanangu?" shangazi aliuliza ghafla.

"Hapana, shangazi. Nywele haziumi."

Akanionyesha kitambaa chake. Kilikuwa chekundu. Wembe ulikuwa umenichana nyuma ya sikio na damu imeshalowesha kanga yangu begani, nami sina habari. Niliitazama kama damu ya mtu mwingine, nikamwambia aendelee tu.

Alipomaliza, aliinua ungo kwenda kuifukia ile mistari nyuma ya nyumba. Nilimshika mkono, nikashindwa kuuachia.