Ndege ya plastiki ilipata kiti garini, Gervais akaambiwa asubiri kesho

Wakuu, amani kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika siyo kazi yangu. Lakini kuna jambo nimelibeba na nisipolitoa litanimaliza. Wallahi siongezi chumvi. Lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Mnisamehe Kiswahili changu, mi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Huku tunachanganya na Kifaransa na Kirundi, ndivyo tulivyolelewa.

Na huyo mzungu simtaji jina. Nitamwita Patron, yaani bosi, kama tulivyomwita wakati ule.

Haya.

Miaka ya vita nilikuwa fundi wa kupiga rangi magari, garage ya mjomba wangu pale Buyenzi. Siku moja Patron akaleta gari lina mkwaruzo mlangoni. Nikamchanganyia rangi, nikapiga, aliporudi akautafuta ule mkwaruzo hakuuona. Akafurahi kama mtoto. Akaniuliza kama naweza kupaka rangi kitu kidogo, nikamwambia naweza, akanialika kwake Kinindo siku ya Jumamosi.

Mi nilidhani ni friji.

Wakuu, nafika nakuta mutu mzima, mkubwa wa projet ya misaada, gari kubwa la projet na zamu wa kulinda getini, amekaa mezani anagundisha ndege ya plastiki!

Wenyewe wanaita maquette. Inakuja ndani ya boksi, vipande vimeshikana kwenye fremu. Unakata kimoja kimoja na kijisu, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi. Yeye alipenda za zamani. Alikuwa na jeep ya vita vya wazungu, lori la jeshi, na boksi kubwa kuliko yote lilikuwa la Dakota, zile ndege za injini mbili zilizokuwa zinabeba mizigo enzi za babu zetu. Mabawa yake toka ncha mpaka ncha ni karibu mkono mzima wa mtu.

Moyoni nilicheka sana. Nje watu wanakimbia na magodoro kichwani, huyu anajenga ndege za watoto.

Lakini haikuchukua muda nikawa mgonjwa kuliko yeye. Nawaambia ukweli, ile meza ilikuwa dawa. Risasi zinalia huko Kamenge, we umeshika kipande cha propela na mkono hautakiwi kutetemeka. Tulikuwa tunabishana kama rangi ya kijivu imeiva au bado, na kwa muda huo unasahau nani amekufa jana.

Sasa niwatambulishe Gervais, maana uzi huu ni wake.

Gervais alikuwa mpishi wa Patron. Mwembamba, masharubu membamba yamenyooka kama yamechorwa na rula, na kofia nyeupe ya mpishi ambayo hakuivua hata akienda dukani. Nyumbani kwake ni mtaa wa Cibitoke, mke na watoto watatu. Mkubwa anaitwa Aline, kwa hiyo mke wake sote tunamwita Mama Aline.

Kazi ya Gervais Jumamosi ilikuwa kutuletea kahawa na kututania.

"Fundi, na we umerudi mu utoto? Mi nilizani iko mzungu peke yake."

Alikuwa mtu wa watu yule. Hakunicheka kwa ubaya hata siku moja.

Ikafika kwenye marubani. Ndani ya boksi la Dakota mna vijitu viwili vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole cha mwisho, rubani na msaidizi wake. Patron akaniachia mimi nivipake rangi. Msaidizi nikampaka uzungu kama karatasi ilivyoelekeza. Rubani mkuu, sijui shetani gani alinipanda, nikampaka weusi wetu, nikamchorea masharubu kwa unywele mmoja wa brashi, na kichwani nikampa kofia nyeupe.

Patron akaangalia na kioo cha kukuzia, akacheka mpaka machozi. "Mais c'est Gervais!" Yaani, huyu si Gervais!

Tukamwita mwenyewe aje aone. Akaegemea meza, akakodoa macho. Kisha akasema, "Mi sijapandaka ndege ata siku moja. Sasa angalia. Naiendesha!"

Tangu siku hiyo kila akipangusa vumbi kwenye ile rafu, alikuwa anaipigia Dakota saluti. "Bonjour, Commandant." Yaani, habari yako rubani mkuu.

Hapa niwaeleze jambo moja la kazi hii, maana mtalihitaji huko mbele. Marubani wanaketishwa kwanza, halafu kioo cha mbele kinagundishwa juu yao. Kioo kikishashika, basi tena. Huwezi kumtoa rubani bila kuvunja pua ya ndege. Nilikigundisha mimi mwenyewe, vizuri sana, na nikajisifu.

Ndipo mitaa ikaanza kuhamwa.

Sitataja kabila la mtu hapa. Aliyeishi Buja miaka ile anajua, na asiyeishi hatakosa kitu. Itoshe kusema kwamba Cibitoke ikafika siku mtu wa aina ya Gervais hawezi kulala. Mama Aline akabeba watoto akavuka mpaka kwenda Uvira, huko Kongo. Gervais akabaki, akawa analala boyerie, kile chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba ya Patron. Alisema akipata mshahara wake na usafiri salama atawafuata.

Usafiri salama, wakuu, ndiyo ilikuwa shida yote. Toka Kinindo kwenda mpakani Gatumba lazima ukate mji mzima, na njiani vijana wameweka barrière zao, vizuizi vya kukagua watu. Wanakuangalia pua, wanakuuliza unatoka wapi, na jibu lolote linaweza kuwa baya. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulikuwa tunapenya penya, kofia ya Kiislamu inasaidia. Gervais asingepita kwa miguu. Lakini gari la mzungu lenye bendera ya projet halikuwa linasimamishwa.

Basi ikaja amri, wageni wote wa projet waondoke. Na barabara ya uwanja wa ndege ndiyo hiyo hiyo ya kwenda Gatumba. Yaani Patron akifika pale, Gervais anashuka, mpaka unakuwa umebaki mwendo mfupi tu. Mungu akupe nini tena?

Patron akanitumia mtu, niende nimsaidie kufunga maquette.

Nikaenda. Jeep na lori vikaingia kwenye visanduku vidogo. Dakota ikataka carton yake peke yake, ndefu, na ndani sponji ili isicheze. Sponji tutoe wapi siku kama ile? Patron akasema, "Kata godoro la boyerie, hakuna atakayelala tena pale."

Na Gervais mwenyewe akaenda kulileta godoro lake. Akalishika huku nalikata. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, mfuko umefungwa uko mlangoni, anaimba imba. Alinisaidia kumviringishia sponji yule rubani wake. "Pole pole, Fundi," akaniambia, "usimuumize Commandant."

Sikiliza sasa.

Mbele, kando ya Patron, akakaa mwenzake wa kazini, mama mmoja wa Kizungu. Nyuma kabisa masanduku hadi juu. Kiti cha katikati, Patron akalaza carton ya Dakota. Na lile sponji pande zote, ikaenea karibu toka mlango mpaka mlango. Akaifunga mkanda.

Gervais kasimama na mfuko wake.

"Patron, na mi?"

Patron akamwekea mkono begani. Hakufoka, wakuu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwa upole kabisa akamwambia, "Gervais, unaona mwenyewe hakuna nafasi. Kesho asubuhi projet itatuma gari lingine, nimeshaongea nao."

"Patron, nitaipakata. Nitaiweka ku mapaja, sitatikisika."

"Apana, Gervais. Antena zitakatika."

Mimi nikaingilia. Nikasema Patron, ndege tutajenga nyingine, hii niachie mimi nitakutunzia Buyenzi. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akasema hii haipatikani tena, kiwanda kimeacha kuitengeneza.

Haya, na Gervais alikuwa anatengenezwa kiwanda gani?

Sikusema hivyo. Nilikuja kulipata neno hilo wakati gari limeshaondoka. Zamu alishakimbia, aliyelifungulia geti ni Gervais, akapunga na mkono.

Nikamsihi twende wote Buyenzi, nimfiche kwa mjomba mpaka hali itulie. Akakataa. "Patron hajanidanganyaka. Gari likija kesho likose mutu, itakuwa aje?" Couvre-feu, ile marufuku ya kutoka usiku, ilikuwa inakaribia, nikamwacha amekaa boyerie juu ya kitanda cha mbao tupu.

Gari halikuja. Sijui kama liliwahi hata kuagizwa.

Niliporudi kesho yake alasiri nilikuta geti wazi. Zamu wa nyumba ya jirani akaniambia Gervais alisubiri barabarani mpaka jua likawa la utosi, kisha akashika mfuko akaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Na koti lake. Na kofia.

Uvira hakufika. Maiti hatukuiona. Nilizunguka nikiuliza mpaka mjomba akanikataza, akasema nitamfuata.

Vita vilipoisha Mama Aline akarudi na watoto. Nyumba ya Cibitoke ilichomwa, hakuna hata picha moja iliyobaki. Alikuja garage akaniuliza, nikamweleza karibu yote niliyowaeleza nyinyi. Hakulia mbele yangu. Aliuliza kitu kimoja tu, "Hiyo ndege ilikuwa na mutu ndani?" Nikasema apana, Mama Aline, ya plastiki. Sikumwambia habari ya rubani. Ningeanzia wapi?

Miaka ikaenda. Mi bado napaka rangi magari, na kwa siri yangu bado najenga maquette, jeep na malori tu. Mwanangu akaniunga kwenye group la wajenzi wa maquette wa dunia nzima, watu wanaweka picha wanasifiana.

Wiki iliyopita napitia picha na chai yangu, nikaiona.

Dakota. Ndani ya kabati la kioo. Kijivu kile nilikichanganya mimi kwa rangi ya magari, ningekitambua hata usingizini. Na chini Patron ameandika kwa Kifaransa: "Hiki ndicho kitu pekee nilichofanikiwa kuokoa kutoka Burundi."

Watu wakamwagia makopa na pongezi. Mmoja akasema ni muujiza, haijakatika hata antena.

Nikazoom. Nyuma ya kioo cha mbele, masharubu. Kofia nyeupe.

Nikaweka chai chini, wakuu. Kumbe Gervais alitoka Burundi. Alikuwa amekaa, amefungwa mkanda, ameviringishiwa godoro lake mwenyewe.

Nikamwandikia inbox, nikajitambulisha. Akajibu haraka, furaha tele: "Ah, fundi wangu! Uko hai! Na Gervais, anaendeleaje? Nakumbuka kahawa yake."

Nikamjibu, Gervais hakufika, gari lako halikuja. Akanijibu kesho yake: "Pole sana. Ilikuwa vita, wote tulipoteza."

Wote tulipoteza! Yeye alipoteza nini? Fadhila ya punda ni mashuzi, waliosema hawakukosea.

Hapo nikaona siwezi tena kumficha Mama Aline. Nikampelekea simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole juu ya kioo cha simu.

"Njo yeye, ndiye," akasema. "Masharubu ni yake."

Kisha akanitazama. "Umwambie anirudishie. Ndege abaki nayo. Mi nataka mutu wangu."

Nikaandika tena. Sikumuomba pesa, sikumtukana, ingawa matusi ninayo ya lugha tatu. Nikamwambia mke wa Gervais hana picha hata moja ya mume wake, tunaomba yule rubani mdogo tu, amweke kwenye bahasha ya kawaida.

Jibu liliingia jana. Nalinakili kama lilivyo:

"Fundi, ningependa sana. Lakini kumtoa lazima nivunje kioo cha mbele, na ndege itaharibika. Unajua mwenyewe, ulikigundisha wewe."

Basi hiyo ndiyo hadithi yangu. Wakati wa vita nilijifunza kuwaogopa vijana wa barrière, kumbe na yule anayekushika bega kwa upole alistahili kuogopwa. Mutu akikuambia hakuna nafasi, angalia kwanza amepakia nini. Na wewe uliye na jamaa yako anasubiri gari la bosi, mvute kwa nguvu, hata akikuchukia.

Matusi kwa Patron wekeni akiba, hatayasoma. Nisaidieni kitu kimoja tu, maana Mama Aline anapita hapa garage kesho akienda sokoni na ataniuliza jibu.

Nimwambie nini, wakuu? Nimwambie asubiri kesho?