Swali Lisilo na Alama

Kazi ya dada mmoja pale kliniki ya saratani adimu ni kupima maisha ya wagonjwa yanakwendaje, lakini haketi ng'ambo ya meza. Huvuta kiti mpaka wawe bega kwa bega, hung'oa kifuniko cha kalamu kwa meno, kisha huuliza taratibu: unalala, unakula, unapanda ngazi? Akimaliza maswali yaliyochapwa kwenye fomu, huweka kalamu chini na kuuliza lake: "Na ambalo sijakuuliza?" Wakubwa wake wanasema swali hilo halina alama za kujaza kwenye fomu; naye huwajibu "sawa" na kesho yake akaliuliza tena. Ndilo lililomkwamisha seremala mmoja aliyetolewa uvimbe wa taya, aliyekuwa akijibu "safi tu" kwa kila kitu.

"Mluzi, dada. Zamani nikifika kona napiga mluzi, mke wangu anatenga chakula. Sasa midomo imegoma, nabisha hodi kwangu kama mgeni."

Pole ilimfika dada mdomoni, akaimeza. Akatazama ile mikono mipana. "Seremala mzima umekosa cha kugonga?"

Mwezi uliofuata, mlango wa kliniki uligongwa kwa mdundo, ko-ko, koko-ko. Seremala akaingia kifua mbele. "Naanza kugonga kwenye geti la jirani, dada, mke wangu anasikia. Nikifika kwangu, chakula kiko mezani. Haya, niulize hayo ya ngazi."