Mama wa Kuruta

Nilipotoka jeshini, kwenye yale mafunzo ya mujibu wa sheria wanayopelekwa vijana wakimaliza kidato cha sita, mtaani kwetu Tabata walinipa cheo ambacho kambini sikuwahi hata kukiota. Waliniita Afande. Kambini nilikuwa kuruta wa kawaida, tena wa nyuma nyuma, yule anayegeuka kulia wenzake wakigeuka kushoto mpaka kombania nzima inapigishwa pushapu kwa ajili yake. Lakini Tabata hawakuyajua hayo, na mimi sikuona sababu ya kuwaharibia raha yao.

Kwa sababu ya cheo hicho jirani yetu mmoja, kijana anayepiga video za harusi na kipaimara, alikuja kunitafuta. Alitaka kutengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu vijana wa mjini wanaopelekwa jeshini na hawataki kwenda. Mmoja anajifanya ana pumu. Mwingine anajifanya kichaa. Wa tatu amebeba godoro lake na chandarua, na wa nne anamuuliza afande kama bodaboda anaweza kuleta chipsi mpaka getini. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga kambi, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumwambia jeshi likoje. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza, maana nilikuwa nimekaa tu nasubiri chuo.

Tena nilihitaji kuwa mbali na nyumbani mchana kutwa. Nilikuwa nimeshaamini kwamba mama yangu hanitaki pale, na sikujua nimemkosea nini.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Nimelelewa na mama na mdogo wake, mama mdogo wangu, wote wawili wenyeji wa Newala waliokuja Dar wakiwa wasichana. Mama anauza korosho za kukaanga Buguruni. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Ungetegemea mtoto pekee akiondoka kwenda jeshini kuwe na kilio. Siku ile pale stendi ya Mbezi Luis kilio kilikuwepo kweli, ila cha mama za wenzangu. Mmoja alimshika mwanawe kichwa akamwombea mpaka kondakta akaja kusema gari linaondoka na maombi yataendelea njiani. Mama yangu alinikabidhi begi, akanitazama mara moja kama mtu anayehakikisha amefunga mlango, akageuka akaenda zake. Gari lilikuwa hata halijawashwa.

Kambini, Jumapili, tuliruhusiwa kupiga simu nyumbani. Tulipanga foleni. Wenzangu waliongea na mama zao mpaka wakasukumwa. Mimi simu ya mama ilipokelewa na mama mdogo kila mara, na kila mara mama alikuwa ametoka kidogo. Mafunzo yalipofungwa wazazi walikuja kutuona kwenye gwaride, wengine kutoka Bukoba huko, na kwetu alikuja mama mdogo peke yake. Nilipomuuliza mama yuko wapi alisema yuko nyumbani, anapika. Nilipofika nyumbani nikamkuta mama kasimama mlangoni, kajifunga kitambaa kichwani, akapiga vigelegele peke yake, virefu, hadi jirani akatoka kuuliza nani ameposwa. Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu hakupokea simu yangu hata moja, halafu leo vigelegele?

Niliyaweka yote kwenye mzani na vigelegele vikawa vyepesi. Nilikuwa nimepata nafasi kwenye vyuo viwili, kimoja hapa hapa Dar na kingine Mbeya. Nilithibitisha cha Mbeya kimyakimya. Nikajiambia, kama hanitaki, basi na nisimsumbue.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo wakati naanza kazi ya ushauri wa filamu, kazi ambayo nayo sikuielewa. Raia haruhusiwi kuvaa nguo za jeshi wala zinazofanana nazo, kwa hiyo mpiga video aliwashonea makuruta wake suruali na mashati ya kitambaa cha pazia, rangi ya zambarau. Bunduki zilikuwa mipini ya majembe. Mjumbe wa shina alipita siku ya kwanza kukagua, akatusalimia vizuri, akauliza kama sisi ni kwaya. Niliwafundisha vijana kwata kama nilivyofundishwa, mpiga video akalalamika kwamba haichekeshi. Wakakosea makusudi, akalalamika kwamba wanazidisha. Mwishowe nikawaonyesha jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa nageuka kulia, wakaanguka chini kwa kicheko, na mpiga video akaniomba nirudie aishike na kamera. Nilirudia. Hadi leo sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa.

Siku ya kupiga sehemu ya kuagana tulikodi basi bovu lililokuwa limeegeshwa gereji, tukaambizana kwamba hapo ndipo stendi. Kwenye hadithi, mama wa kuruta amechoka na mwanawe mvivu, kwa hiyo siku ya safari anafurahi, anacheza, na anamsukumiza ndani ya basi. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikairudia. Niliona kama mtu alikuwa ametuchungulia pale Mbezi.

Mwigizaji aliyepangwa kuwa mama hakutokea. Alipigiwa simu, akasema amepata sherehe Kinondoni na tusimsubiri. Wakati mpiga video ameshika kichwa, mama yangu na mama mdogo wakaingia pale gereji na sufuria za wali na maharage, kwa kuwa walikuwa wamekubali kuwapikia vijana siku hiyo. Mpiga video alimwangalia mama, akamwamkia shikamoo ya adabu zote, akamwomba asimame kidogo tu badala ya yule aliyekosekana. Nilitegemea atakataa. Mama yangu hata picha ya kitambulisho alipigwa amekunja uso. Aliuliza maswali mawili: huyu kijana wa kuagwa ni mtoto wa nani, na je, anaondoka kweli. Akaambiwa ni mtoto wa jirani wa mtaa wa nyuma, na haendi popote. Akakaza kanga yake kiunoni, akasogea kwenye basi.

Kamera ikawashwa. Kijana mwenye nguo ya pazia akasema maneno yake, kwamba mama mimi naenda. Mama alitakiwa kucheza. Badala yake alimvuta yule kijana, akamkumbatia shingoni, akaanza kulia. Hakulia kile kilio cha filamu zetu cha kupiga kelele na kujitupa. Alilia taratibu, anasema maneno ya kwao kusini ambayo mimi nayashika nusu nusu, anampapasa kichwa, anamuuliza atakula nini huko na nani atamwamsha akiumwa. Kijana wa watu alisahau yote aliyotakiwa kusema akabaki amesimama, mpini wa jembe mkononi.

Mpiga video akasimamisha, akaeleza upya, wakarudia. Ikawa vile vile, labda zaidi. Ndipo akamsogelea mama kwa upole.

"Mama, hapa tunachekesha. Huyu mama anafurahi mwanawe kuondoka."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Baba, si mmesema haendi kweli?"

"Haendi, mama. Ni maigizo tu."

"Basi niacheni nilie."

 Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera na nilimchukia yule kijana kwa moyo wangu wote. Alikuwa mtu mzuri tu, hakunifanyia lolote, lakini pale alikuwa amepewa kitu changu mbele ya macho yangu, tena akiwa amevaa pazia. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na wivu, na juu ya yote nilikuwa sielewi. Nilizunguka nyuma ya basi nikakaa juu ya tairi.

Mama mdogo alinifuata huko. Aliniuliza nina nini, nikamwambia kila kitu, kuanzia Mbezi hadi Mbeya. Alinisikiliza amefungua mdomo. Kisha akacheka, na katikati ya kicheko akasema maskini weye, akakaa pembeni yangu.

Alinieleza kwamba kwao, zamani, mtoto wa kiume akipelekwa jando porini, mama yake ana miiko. Halii, kwa sababu machozi ya mama yanachelewesha kidonda, na yakizidi yanaweza kumzuia mtoto asirudi. Hamfuati wala haongei naye. Hasuki nywele. Hali chumvi mpaka mtoto atoke. Na siku ya kutoka anamsubiri nyumbani, ampokee kwa vigelegele. Mama aliona mama yake mwenyewe akifanya hivyo kwa kaka zao, akajua kwamba siku moja itakuwa zamu yake. Lakini mimi nilizaliwa Dar. Nilipelekwa zahanati asubuhi, mchana nikarudi na soda mkononi, na miiko haikupata hata pa kuanzia.

"Basi ulipoitwa jeshini," mama mdogo alisema, "akaniambia, hii ndiyo yenyewe."

Akaniambia mengine. Kwamba simu ikilia Jumapili mama alikuwa anatoka nje kweli, anakwenda kusimama uani hadi nimalize kuongea, halafu anarudi kuuliza sauti yangu ikoje. Kwamba alikataa kabisa kuonja korosho zake, akawa anatia chumvi kwa kukisia. Wateja wa Buguruni walianza kuzirudisha, leo kali kama maji ya bahari, kesho hazina ladha, mpaka mama mdogo akalazimika kwenda kumwonjea. Ndiyo maana alijifunga kitambaa kichwani muda wote ule, nywele zilikuwa hazijaguswa.

Nikamwambia mama mdogo kwamba jeshini hakuna kidonda. Tulikuwa tunalima, tunakimbia mchakamchaka, tunaimba.

"Mie nilimwambia hivyo hivyo, baba. Akaniuliza, umejuaje?"

Filamu ile ilitoka. Mpiga video hakuwa na mama mwingine wala hela ya kulikodi basi tena, akakiacha kile kilio kama kilivyo. Watu wanaoitazama kwenye simu wananiambia hapo ndipo penye kuchekesha kuliko pote, yule mama analia hivyo na mtoto kavaa zambarau. Mimi nimeitazama mara nyingi, na bado sijui wanachokicheka.

Lakini jioni ile, tuliporudi kutoka gereji, sikuwa nawaza filamu. Nilimkuta mama uani anachambua kisamvu. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia kwamba nimekwisha kuchagua chuo, na kwamba ni cha Mbeya. Nikamwambia na sababu. Nilisema vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Nilisema nilidhani hanitaki, maana Mbezi hakulia.

Mikono yake ilisimama juu ya majani.

"Ulitaka nilie," alisema, "halafu usirudi?"

 Nilitaka kumwambia kwamba mambo hayo ya miiko si ya kweli, nimesoma hadi kidato cha sita, naweza kumweleza. Nilitaka pia kumwangukia magotini. Vyote viwili vilinijia kwa pamoja na nikakaa tu. Yeye akauliza Mbeya kuna baridi kiasi gani, nikamwambia nasikia ni kali. Akasema itabidi atafute sweta. Akauliza kama tunaweza kubadilisha, nikamwambia ukishathibitisha umethibitisha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei, akaendelea na majani yake.

Kisamvu kikaiva. Kabla mama mdogo hajatia chumvi, mama akachukua bakuli dogo, akachota sehemu yake, akaliweka pembeni. Mama mdogo alimwona, akanitazama mimi. Akatia chumvi kwenye kilichobaki, akatupakulia na ugali, tukakaa mkekani watu watatu na mabakuli mawili.

Alianza kula. Nilimwangalia akimeza tonge la kwanza, la pili.

"Mama," nikasema, "chuo ni miaka mitatu."

"Najua," alisema, akakata tonge jingine.