Kitambaa Chekundu cha Saima

Arvid Niskala aliingiza miguu ndani ya kayaki kama mtu anayevaa suruali ya jana. Maji ya Ziwa Fisimaji yalikuwa yameanza kuuma, na majani ya manjano yalielea kando ya gati. Mkewe, Helmi, alizikwa mwezi wa Aprili. Tangu hapo watu walimwuliza anajisikiaje, naye akawajibu kwamba hajisikii, wakadhani anatania.

"Baba, hiyo yako inavuja kama pakacha," alisema binti yake, Tyyne, aliyekuwa tayari majini.

"Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Yako inafanana na chupa ya sabuni."

"Chupa ya sabuni haizami."

"Wala hakuna anayejua nani aliiunda."

Yake aliiunda mwenyewe kwa mbavu za mwerezi na turubai, mwaka aliozaliwa Tyyne. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, na safari hii ilikuwa na sharti. Tyyne, aliyeishi mjini mwendo wa saa tatu kwa gari, alimwambia jana mezani bila kuzunguka: akiwepo jirani hata mmoja atakayekaa hapa msimu wa baridi, baba atabaki. Asipokuwepo, Jumapili wanafunga nyumba na kuondoka pamoja. Arvid alikubali. Mtu pekee wa kumtegemea alikuwa Saima Pelkonen, mjane wa ghuba ya mwisho. Simu yake haikupokewa, lakini Saima hakuwa mtu wa kupokea simu.

Kabla ya kusukuma kayaki, Arvid alifunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya gati lake.

Ndiyo ilikuwa desturi. Kila Oktoba, kabla maji hayajaganda, nyumba iliyokusudia kukaa msimu wa baridi ilifunga kitambaa chekundu gatini, na barafu ilipoyeyuka wenyewe wakakifungua. Aliyepita kwa mashua alikiona, akapanda, akanywa kahawa kwa mkate wa iliki. Na theluji ilipofunika kila kitu, mtu aliyeshikwa na dhoruba katikati ya ziwa alijua: penye chekundu pana moto. Arvid alipokuwa kijana vitambaa vilikuwa kumi na tisa, na safari ya maili sita ilichukua siku mbili kwa sababu ya kahawa.

Sasa walipita nyumba za watu wa kiangazi. Magati ya alumini yalikuwa yamepandishwa nchi kavu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Watu hawa huja Juni na mashua za makelele, huondoka Septemba, na jirani hawamjui hata kwa sura. Taa zao za bustani hubaki nyuma zikijiwasha zenyewe, zikiwamulikia paa wa msituni. Hakuna aliyeipiga vita desturi ya ufukwe. Iliachwa nje tu, ikaganda.

"Hapa palikuwa kwa nani?" Tyyne aliuliza.

"Kwa Eskola. Mkewe alitia chumvi kwenye kahawa."

"Kwa nini?"

"Nani angethubutu kumwuliza?"

Tyyne akacheka. Arvid alikisikia kicheko kama kinatoka nyumba ya tatu.

Walipouzunguka mwamba wa ghuba ya mwisho, Tyyne ndiye aliyeona kwanza. Aliyapiga maji kwa kafi lake kwa shangwe.

"Baba! Chekundu kile! Haya mzee, umenishinda. Nenda ukatambe."

Arvid aliingoja furaha. Haikuja.

"Unapanda?" Tyyne aliuliza.

"Penye chekundu hapapitwi."

"Mimi nikitoka humu sirudi, magoti yameshakuwa barafu. Niletee mkate."

Kwenye nguzo, Arvid alikishika kitambaa. Kilikuwa kimepauka, kimechanika pembeni. Cha mwaka jana. Nyumba ilijificha nyuma ya misonobari, na alipoifikia hakukuta moshi wala kuni zilizopangwa. Alichungulia dirishani: birika limefudikizwa, jiko liko wazi, majivu yamezolewa. Saima alikuwa ameondoka. Mtu wa ufukwe huu angesahau jina lake kabla ya kusahau kufungua kitambaa, na Saima alikuwa amesahau.

Alikaa kwenye ngazi kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Angeweza kushuka akifuta mdomo, aseme Saima hajambo na mkate umekwisha. Tyyne angeamini.

Mwaka wa sitini na nane Väinö, kaka yake Helmi, alishikwa na dhoruba juu ya barafu. Akafuata kitambaa cha nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameondoka kwa haraka, wakimkimbiza mgonjwa. Alikutwa asubuhi mlangoni, mkono umegandia kitasa.

Leo nani angefuata kitambaa? Waliojua maana yake walikuwa makaburini, au katika nyumba za wazee mjini. Hapakuwa na wa kudanganyika ila binti yake mwenyewe. Arvid aliligeuza jambo hilo kichwani, halikumwuma popote. Akashuka, akafungua fundo kwa meno, akatia kitambaa mfukoni.

Tyyne alikuwa akimtazama. "Mkate uko wapi?"

"Hakuna moto."

Arvid aliporudi majini, kayaki zao ziligongana taratibu.

"Ungeweza kunidanganya, baba."

"Ningeweza."

"Basi Jumapili."

"Jumapili."

Walirudi wakiambaa ufukwe ule ule, na Tyyne hakuuliza tena palikuwa kwa nani. Walipofika nyumbani, Arvid hakutoka majini. Aliegemea gati, akanyoosha mkono kwenye nguzo, akaanza kuhangaika na fundo lake mwenyewe.

"Kiache hadi Jumapili, baba. Si bado tupo?"

"Jumapili nitasahau," alisema, akakivuta.